Kumtafuta Odongo Aliyemtoa Lalji

Wenzangu wa kwaya, kila mmoja wenu ameniuliza safari yangu ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande. Mama Joyce nimempa mto, Felista nimempa magugumaji, katekista nimempa habari za chakula. Sasa nasikia mnaviunganisha vipande wenyewe na kupata safari ambayo mimi sikuisafiri. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mambo ya tiketi na nani alinikatia sitayaweka. Sijaona mtu akifurahishwa na tiketi.

Mnanijua, mimi Milembe fundi cherehani wa Igoma nina hasira za karibu. Jina langu maana yake amani, na hapo wazazi wangu walibahatisha wakakosa. Kwa hiyo mkiona nimemsema mtu vibaya, vumilieni mfike mbele kidogo. Karibu kila niliyemkasirikia njiani nilikuja kumshukuru.

Igoma, kwenye mbao za seremala

Chanzo ni dishi. Mwenye duka la vipuri jirani yetu alifunga dishi juu ya paa mwaka ule watu walipoanza kununua televisheni zao wenyewe, akawa anafungua dirisha ili majirani nao waone. Sisi tulitaka mpira wa miguu, yeye akaweka kriketi. Siku nzima mtu anarusha kampira kadogo, mwenzake anakapiga kwa gongo la bapa asije akaangushiwa vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, au mpira aliopiga ukadakwa haujagusa chini, maana hapo anatolewa, halafu wote wanasimama kunywa chai. Majirani wakatawanyika. Dirishani walibaki wazee wawili, baba yangu Mzee Doto, na Mzee Faustine anayekuja kwa baiskeli kutoka Pasiansi.

Hawa wawili kriketi waliijulia kwenye kiwanja cha klabu ya wanunuzi wa pamba, zamani za mkoloni. Baba na pacha wake Kulwa walikuwa wakifyeka majani na kutandika mkeka ambao mpira hudundia. Mzee Faustine alikuja miaka michache baadaye, akawa karani wa klabu. Walipochoka na dirisha wakahamia karakana ya seremala, wakakaa juu ya mbao, na hapo ndipo ubishi ulipoanza: nani alikuwa bora katika enzi yake.

Mzee Faustine alikuwa na orodha kichwani. Enzi ya pamba, mpigaji bora ni Lalji, mwenye duka la vitambaa, aliyeweza kusimama na gongo tangu asubuhi mpaka saa kumi bila mtu kumtoa. Enzi ya baada ya Uhuru, bora ni Daktari Pinto, Mgoa aliyepiga mpira ukaanguka ziwani. Hawa wa kwenye dishi wanaovaa kofia za chuma hawamfikii yeyote, maana wenzao walicheza kichwa wazi. Na mrushaji bora wa enzi zote ni mmoja tu, Odongo, kwa sababu yeye ndiye aliyemtoa Lalji.

"Lalji nilimtoa mimi," baba akasema. "Siku ile timu ilipungukiwa watu wawili, tukaitwa mapacha. Nilirusha mimi, akadaka Kulwa."

"Kitabu kinasema Odongo."

Kitabu chenyewe ni kile cha mchezo, ambamo kila mpira unaandikwa na kila anayetolewa anaandikwa katolewa na nani. Mzee Faustine alikisoma kwa macho yake alipokuwa karani, na tangu hapo hakuna kilichomtikisa. "Doto, mimi nakupenda," alikuwa akisema, "lakini kitabu hakisahau."

Ubishi ukaendelea miezi, na Odongo akawa anakua. Kwanza alikuwa mrefu. Baadaye akawa na mikono inayofika magotini. Wiki moja akawa wa mkono wa kushoto. Seremala, ambaye hajawahi kuona kriketi ila kupitia dirisha, akakumbuka kwamba mjomba wake alimpa mkono. Baba kwa hasira akawa anamponda: Odongo gani, huyo hawezi kurusha hata kijiti kufukuza kuku. Tulicheka sana siku hizo, na mimi nilicheka.

Halafu siku moja baba hakwenda karakana. Kesho yake pia hakwenda. Siku ya tatu akaja kukaa karibu na cherehani yangu, ameshika limau, vidole vimelikumbatia kwa ule mtindo wake wa kurusha.

"Milembe," akasema, "hivi mtu anaweza kuota jambo, akaamka akadhani amelifanya?"

Nikamwambia aache maneno ya kizee.

"Kulwa angekuwepo angesema. Sasa nimebaki peke yangu na jambo ambalo hakuna mwingine analijua. Kama hilo nimeliota, basi hata Kulwa mwenyewe sijui namkumbuka au namtunga."

Kulwa alitangulia kuzaliwa na akatangulia kufa. Kaburi lake liko Buswelu, alizikwa kabla mimi sijazaliwa. Hatuna picha yake hata moja. Nilizima hasira zangu zote nikamwangalia baba na lile limau, nikaogopa. Nikamwambia nitakwenda kumtafuta Odongo, popote alipo.

"Ukimkuta akasema ni yeye, nitanyamaza mpaka nife," baba akajibu. "Ila umuulize kitu kimoja. Muulize nani alidaka."

Mzee Faustine, kwa haki yake, alinipa alichokuwa nacho: Lalji alihamia Musoma zamani, na ukoo wake bado una duka la vitambaa huko. Kazi hazikunizuia. Mitumba imetufundisha sisi mafundi cherehani kupumzika.

Mto uliokaa barabarani

Ulikuwa mwaka ule wa mvua zilizokataa kuisha. Basi letu lilifika kwenye daraja la Simiyu saa mbili na nusu asubuhi, tukakuta mto umepanda juu ya barabara na kutulia pale kana kwamba umejenga. Dereva akazima injini.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyepakata saa ya ukutani, kubwa, ya mbao, anawapelekea wakwe zake Bunda. Ile saa ilikuwa inagonga kila nusu saa. Tangu Igoma imenigonga sikioni. Ilipogonga mara ya nne tukiwa tumesimama, nilimwambia kama hawezi kuinyamazisha nitaitupa mtoni wakwe zake wakaivue na sangara.

Mzee akashuka, akatafuta jiwe kavu, akalifuta kwa leso yake na kunikaribisha nikae. Mimi nikaona aibu, nikafungua michembe aliyonifungia baba, yale makopa ya viazi vitamu, tukatafuna wote. Abiria wengine wakasogea. Mtu akiwa na njaa na mwenzake ana michembe, hupenda sana kusikia shida zake. Nikawaeleza.

Hapo ubishi wa karakana ukahamia kando ya Simiyu. Kila mmoja akaleta bora wake, kipa wa timu ya pamba, mkimbiaji wa shule, mpiga ngoma wa Magu. Mmoja akasema wa zamani walikuwa bora kwa kuwa walikula mtama. Mwingine akasema wa zamani wanasifiwa kwa kuwa hawapo wa kuwaona wakikosea. Mstaafu alisikiliza mpaka saa yake ikagonga tena.

"Mimi nimekaa jeshini," akasema. "Watazamaji huwa hawajui. Ukitaka kujua nani alikuwa bora, usimuulize aliyetazama. Muulize aliyepigwa."

Sikujua wakati ule kwamba amenipa ramani.

Alasiri maji yakapungua mpaka magotini. Dereva akasema atavusha basi tupu, sisi tuvuke kwa miguu tumeshikana. Mimi sijui kuogelea, mnajua. Yule mzee akaweka saa kichwani, akaishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika mimi. Katikati ya mto, maji yananivuta sketi, ile saa ikagonga, saa kumi kamili. Abiria wote wakacheka, na mimi nikacheka, tukafika ng'ambo huku tunacheka. Namshukuru Mungu kwa ile saa. Tulipoachana Bunda nilimwambia awasalimie wakwe zake, na kwamba wamepata kitu cha maana.

Musoma: nani alimtoa?

Duka nililipata asubuhi bila shida. Nyuma ya meza alikuwepo mama wa Kihindi wa miaka hamsini hivi, Bi Nirmala, mke wa mtoto wa Lalji, anapima kitambaa kwa rula ya mbao. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha Musoma kabisa. Mimi kwa haraka zangu nikaingia moja kwa moja.

"Mama, nimetoka Mwanza. Nataka kujua nani alimtoa Mzee Lalji."

Akaweka mkasi chini. "Umetoka ofisi gani?"

"Sina ofisi. Baba yangu anasema alimtoa yeye."

"Baba yako ndiye alimtoa?"

"Ndiyo. Na anajivunia mpaka leo."

Bi Nirmala akasimama. Akaniambia alikuwa bi harusi wa miezi mitatu siku waliyotolewa, kwamba godoro lake lilishushwa ngazi mbele ya watu, kwamba baba mkwe alisimama barabarani ameshika ufunguo wa mlango ambao si wake tena, na sasa miaka yote hii imepita mtu anatoka Mwanza kuja kujivunia. Nami nikapandisha. Nikamwambia baba yangu hakumshushia mtu godoro, alimtoa kwa haki, mbele ya mashahidi, na kitabu kipo. Tulikuwa tunafoka wote wawili, kila mmoja na kutoa kwake, mpaka katika kuonyesha jinsi baba alivyomtoa nikainua mkono nikarusha hewani.

Akanitazama. "Kriketi?"

"Sasa mama nini kingine?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya jora la kitambaa, akifuta machozi kwa ncha ya sari. Yeye alidhani nasema mwaka ule nyumba zilipotaifishwa, ghorofa yao ya Mwanza ikaenda. Nilijisikia vibaya sana, nikaomba radhi, maana machozi yale hayakuwa yote ya kicheko. Akanishika mkono akanivuta ndani. Nikanywa chai ya maziwa yenye tangawizi, nikala chapati nyembamba na achari ya limau iliyonitoa jasho. Kila nilipomaliza moja alinipa nyingine, kama vile ndiye yeye aliyenikosea.

"Baba mkwe alituchosha na hadithi hiyo," akasema. "Tuliomba aache. Alikuwa anasema mrushaji bora aliyepata kumwona ni yule aliyemtoa, si mwingine."

"Alikuwa anaitwa Odongo?"

"Jina hakulijua. Ndilo lililomkaa rohoni. Anasema siku ile baada ya mchezo wachezaji wote walikunywa chai ndani, na yule aliyemtoa alikunywa nje, kwenye kopo, na mwenzake. Na yeye alimwona kupitia dirishani, asitoke kumpa mkono. Alikuja kutaka kumtafuta baadaye. Lakini kwa mambo yale ya nyumba, akaona aibu kurudi Mwanza."

Nikakumbuka maneno ya mwenye saa. Nilikuwa nimemuuliza aliyepigwa, na amenijibu kutoka kaburini. Ila jina bado sikuwa nalo.

"Kitabu anacho karani aliyekuwa anakiandika, Okelo," Bi Nirmala akasema. "Alikuja kwenye msiba wa baba mkwe akaniambia. Yuko ng'ambo ya ghuba, kabla ya kufika Shirati."

Nilipoaga akanikatia kitambaa cha shati kwa ajili ya baba. Akasema ni badala ya mkono ambao baba mkwe hakutoka kumpa, awe ni Odongo au si Odongo.

Magugumaji

Kutoka Musoma kuvuka ghuba kwenda Kinesi ni mwendo mfupi kwa mashua ya injini. Sisi tulitumia saa tatu na zaidi. Katikati tukakuta magugumaji yamejaa, mabichi, yana maua ya zambarau mazuri ya kumdanganya mtu, na injini ikajifunga humo ikazima. Vijana wakashuka na mapanga kukata. Sisi tukakaa juani kwenye bustani katikati ya ziwa.

Mbele yangu alikaa mfanyabiashara wa dagaa, mwanamke mnene mwenye sufuria kubwa yenye mfuniko, Mama Nyabise. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema namtafuta Odongo.

"Pole, dada yangu. Amekuachia watoto wangapi?"

"Hajaniachia mtoto. Sijawahi kumwona."

"Wanaume wa siku hizi," akasema, akawageukia wengine. "Anaacha hata kabla ya kuonana."

Mashua nzima ikaanza kunishauri. Niende kwa mwenyekiti wa kijiji. Niende kwa mchungaji. Nisilie mbele yake. Bibi mmoja akasema niachane naye, wapo wengine. Nikafoka kwamba Odongo ni mrushaji wa kriketi wa zamani za mkoloni, na hiyo ikawathibitishia kwamba uchungu umenipanda kichwani.

"Akina Odongo huko wamejaa kama dagaa," Mama Nyabise akasema kwa upole. "Ila nikuambie. Ukimpata Odongo, Opiyo hayuko mbali."

Wote wakaangua kicheko. Mimi sikuelewa, na kwa sababu nilikuwa nimenuna sikuuliza. Hasira ni mwalimu mbaya jamani. Jibu la safari yote lilikuwa pale kwenye mashua, mimi nikaligeuzia mgongo.

Lakini yule mama ndiye aliyenipa kanga yake nijifunike jua, na tulipofika Kinesi ndiye aliyemkamata dereva wa Land Rover akamwambia, "Huyu mpeleke mpaka mlangoni kwa Mzee Okelo. Ameachwa."

Kwa Mzee Okelo

Nilimkuta kwenye kivuli cha ukuta, mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, anachambua mbegu za mtama kwenye ungo. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umesafiri jua lote hili?"

Nikamwambia nimetoka Mwanza, namtafuta Odongo aliyemtoa Lalji. Mzee akaacha ungo.

"Odongo wa Mwanza? Sasa mbona unamtafuta huku? Yule alikuwa Msukuma."

"Msukuma gani anaitwa Odongo?" Ilinitoka kwa ukali, mbele ya mtu mzima, na nikatamani kuirudisha.

Yeye akacheka tu, akasema mtu mwenye njaa asiulizwe maswali. Mke wake akaleta ugali wa mtama na muhogo, mweusi, na sato wa kuchemsha aliyejaa bakuli. Tukanawa. Mzee, kwa kunituliza nadhani, akaanza kujieleza, yeye ni nani, nyumba hii ni ya nani.

"Mimi ni Okelo. Sikupewa jina hili kwa kupenda. Ni jina la mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha."

"Kwetu huyo tunamwita Shija," nikasema, mdomo umejaa.

"Kumbe na nyinyi mnayo hayo? Na mapacha wenyewe mnawaitaje?"

"Anayetangulia ni Kulwa. Anayefuata ni Doto."

Mzee Okelo akashusha tonge kwenye sahani.

"Sisi anayetangulia ni Opiyo," akasema polepole. "Anayefuata ni Odongo."

Jamani, sitaki kuongeza chumvi. Nilichofanya ni kubaki na kipande cha samaki mkononi. Nilisikia kuku anaparua nyuma ya nyumba. Kisha nikakumbuka nilichotumwa.

"Baba, nani alidaka?"

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kitabu kirefu chenye jalada la kijani lililoliwa na mende. Alifahamu ukurasa bila kutafuta. Akaweka kidole.

"Lalji. Mrushaji, Odongo. Mdakaji, Opiyo."

Nikalia juu ya yule sato. Mke wake akadhani nimechomwa na mwiba, akaniletea tonge kavu nimeze.

Mzee akanieleza. Alipelekwa Mwanza kijana, Kiswahili chake cha kuokoteza, Kisukuma hana hata neno. Siku ile wakaingizwa vijana wawili waliofanana. Akauliza ni akina nani, akaambiwa yule Kulwa, yule Doto. Akauliza ndiyo nini, mtu akamwambia, "Wa kwanza na wa pili." Akadhani ni zamu waliyotajiwa, wala si majina. Angeandika "mapacha", lakini mmoja amerusha na mwingine amedaka, na kitabu kinataka kila mtu na lake.

"Nikaandika kama tunavyosema nyumbani," akasema. "Na tena, mwanangu, nilikuwa na sababu. Mapacha niliowafuata mimi walikufa wakiwa wachanga. Mama yangu aliwataja kila siku. Nilipowaona wale vijana wawili wazima, mmoja anarusha, mwenzake anakimbia kudaka, mkono ukaandika wenyewe. Baada ya miezi michache nikahamishwa, na miaka ya baadaye klabu ilipofungwa wakanitumia kitabu hiki. Sikujua nimemnyima mtu jina lake."

Nikamwambia hakumnyima, alimtunzia. Na ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Wenye klabu wangeweza kumwambia aandike "boi" wawili, na hapo kusingebaki kitu cha kutafuta.

Akakifunga kitabu kwa gazeti akanipa. "Kikakae kwa mwenyewe. Ila usifute niliyoandika. Majina ya kwenu uyaandike pembeni, wakae wote wanne."

Kurudi

Kurudi ziwa lilichafuka. Mama Nyabise alikuwa ameshamaliza biashara, akaniona nimekumbatia kifurushi huku mawimbi yanaingia mashuani, akaniuliza Odongo amenipa nini. Nikasema kitabu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akafunua sufuria yake tupu, akakiweka humo, akafunika na kukalia mfuniko kwa uzito wake wote mpaka Musoma. Sisi wote tulilowa mpaka mifupa. Kitabu kilishuka kikavu, kinanuka dagaa, na hakitaacha kunuka.

Nilimkuta baba kwenye kiti chake mlangoni. Hakuniuliza habari za njia. Nikampa kitambaa cha Bi Nirmala na maneno ya Lalji, akakishika tu magotini. Kisha nikamsomea ule mstari na kumweleza nani ni nani.

"Soma tena," akasema. Nikasoma tena.

"Kwa hiyo Kulwa naye yumo?"

"Yumo, baba. Amedaka."

Akachukua kitabu, yeye asiyejua kusoma, akanionyesha nimwekee kidole chake mahali alipo Kulwa. Akakiacha hapo muda mrefu. Mimi nikaenda kupika.

Kesho yake tulikwenda wote karakana. Mzee Faustine alisoma ukurasa mara tatu, akanusa kitabu, akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia juu ya Opiyo na Odongo na Kulwa na Doto. Alikaa juu ya mbao akavua kofia.

"Yaani miezi yote hii," akamwambia baba, "nilikuwa nakusifia wewe, mbele yako, na wewe unanibishia."

"Ulisema mikono inafika magotini," baba akajibu.

"Na wewe ulisema hawezi kufukuza kuku."

Seremala alicheka mpaka akaangusha randa. Mjomba wake hakutajwa tena. Mzee Faustine akasimama wima, maana ni mtu wa haki, akampa baba mkono kwa niaba yake na, akasema, kwa niaba ya marehemu Lalji. Kisha akatangaza kwa sauti ya ukarani kwamba ubishi umekwisha: bora wa enzi ya pamba, na wa enzi zote, ni Doto.

"Hapana," baba akasema.

Tukamgeukia. Alikuwa na limau mkononi, nadhani alilitoa nyumbani kwa mazoea.

"Mpira wangu haukugusa vijiti. Lalji aliupiga, tena vizuri, ulikuwa unakwenda zake ziwani. Kulwa ndiye aliyekimbia. Mimi nilirusha tu." Akamkabidhi Mzee Faustine lile limau. "Bora ni Kulwa. Muandikeni yeye."

Mzee Faustine akaniomba kalamu.